Oda za Majaribio

Ukitaka kujua kama watu wawili wanapendana, usihangaike kuwaangalia wanapotazamana. Waangalie wanapojikaza wasitazamane. Asubuhi ile, katika ofisi ya ghorofani juu ya karakana ya samani, Kipimo na Kwanini walikuwa wamejikaza hasa. Binti alikuwa dirishani akipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. Kijana alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta pa kuchomeka waya wa projekta, na waya wenyewe ulikuwa umeshachomekwa zamani. Mwenye macho angecheka, ila siku hiyo mle ndani hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kucheka.

Jina la Kipimo alipewa na mafundi wa pale chini tangu ana miaka sita, kwa ile tabia yake ya kuzunguka karakanani na futikamba shingoni akipima kila kilichosimama, paka akiwemo. Karakana ni ya baba yake, ambaye watu wote humwita Fundi Mkuu, hata mkewe akiwa na hasira. Sasa binti alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya biashara, mchepuo wa usimamizi wa mifumo ya habari. Bado alikuwa anapima, ila alichopima sasa ni namna habari zinavyotembea ndani ya biashara: oda inapokelewa na nani, inaandikwa wapi, na inapotelea mikononi mwa nani.

Kwanini naye jina lake lilitoka darasani. Kipindi cha kwanza cha mwaka wa kwanza mhadhiri alisema kila biashara ina mfumo hata kama haijui, na kijana mmoja mwembamba wa benchi la nyuma akauliza kwa nini. Akajibiwa. Akauliza tena kwa nini, mpaka kipindi kikaisha, na jina likamganda. Kipimo alimchukia muhula mzima. Muhula uliofuata akamzoea. Mwaka wa mwisho mhadhiri alipowapanga wanafunzi wawili wawili kwa ajili ya kazi ya kuhitimu, alijikuta anaomba kimoyomoyo apangwe na yule yule aliyekuwa akimkera, na dua yake ikapokelewa.

Kazi ya kuhitimu iko hivi. Wanafunzi wawili wanatafuta biashara ya kweli, wanakaa nayo miezi sita, wanachunguza inavyoandika na kutunza mambo yake, kisha wanaitengenezea mfumo. Siku ya mwisho mhadhiri anafika hapohapo kazini, wale watakaoutumia wanaujaribu kwa mikono yao, na mwenye biashara anajaza fomu. Maswali mengi ya fomu ni ya kawaida. La mwisho ndilo lenye meno, nalo hujazwa kwa kila mwanafunzi peke yake: je, huyu alikuwa mwaminifu kwa habari na kwa watu wa biashara yako? Ndiyo au hapana. Anayeandikiwa hapana hahitimu na wenzake, anarudia kazi nzima mwaka unaofuata. Mhadhiri, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti, hakuwa na mzaha na swali hilo. Alikuwa akiwaambia kwamba kompyuta mtu hujifunza kwa wiki mbili, lakini mtu wa kukabidhiwa habari za wenzake haokotwi njiani.

Kipimo ndiye aliyeleta wazo la karakana ya baba. Fundi Mkuu hakukataa. Alimwita tu Kwanini kwenye ofisi ileile, binti yake akiwepo, akamtazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuununua.

"Kijana, nakuuliza mara moja na sitarudia. Kuna jambo lolote kati yako na binti yangu?"

"Hakuna, mzee."

"Haya. Karibu kazini."

Hakuuliza kwa ukorofi. Mtoto wake wa kwanza, dada yake Kipimo, aliacha chuo mwaka wa pili akafuata mapenzi, na baada ya miaka mitatu mapenzi yakamrudisha nyumbani na sanduku moja. Fundi Mkuu alimpokea bila kumsema. Lakini huyu wa pili akawekewa sharti: shahada kwanza, mengine baadaye.

Na jibu la Kwanini halikuwa lake. Dakika kumi kabla, kwenye ngazi, Kipimo alimshika mkono wa shati akamwambia kwamba baba atauliza, na akiuliza ajibu hakuna. Kijana aligoma. Alisema yeye si hodari wa uongo, na mzee akija kujua, hatamwamini tena hata akisema leo ni Jumatatu. Kipimo akambembeleza kwamba ni mpaka wahitimu tu, kisha atamwambia baba yeye mwenyewe. Akamtazama vile anavyojua kumtazama, na kijana wa watu akalegea. Njia ya mwongo ni fupi, wasemao husema, ila hii ya kwao ilidumu miezi sita, ndiyo maana walianza kuizoea.

Miezi sita ya kukaa meza moja na kutogusana hata kiwiko si mchezo. Mle ofisini kulikuwa na Shangazi, dada mkubwa wa Fundi Mkuu, mtunza daftari la oda kwa miaka ishirini. Wiki ya kwanza aliona wamekuja kumwondoa kazini, akaliweka daftari juu ya kiti na kulikalia, kweli kabisa, asubuhi mpaka jioni. Kwanini ndiye aliyemlegeza, kwa maswali yake yasiyokwisha. Kwa nini wateja wengine wana alama ya jicho pembeni ya jina? Shangazi akamweleza kwamba hao ni wale wanaoagiza meza leo na kesho wanarudi kusema walitaka kabati, na kwao mbao haikatwi mpaka wiki ipite. Vijana wakaiweka alama ya jicho ndani ya mfumo, kama alivyokuwa akiichora. Tangu siku hiyo Shangazi akawa anamwita Kwanini mwanangu, na daftari likatoka chini yake.

Sasa mfumo, kabla haujawekewa oda za kweli, hujaribiwa kwa oda za kubuni. Wanafunzi wengi huandika vitu vya ovyo ovyo, ilimradi nafasi zijae. Kwanini hakuweza. Mle ofisini hakuruhusiwa hata kutabasamu, na simu ya Kipimo nyumbani hushikwa na kila apitaye, basi maneno yake yote akayamwaga kwenye oda za majaribio. Ziko kumi na moja. Kipimo aliigundua ya kwanza asubuhi moja kabla ya kwenda darasani, akaisoma mara tatu, akaenda chuoni na kukaa kwenye darasa lisilo lake nusu saa nzima bila kujua.

Kuzifuta ilikuwa kazi ya Kipimo. Iliandikwa hivyo kwenye mpango wao wa kazi, kwa mwandiko wake. Jana yake mchana, oda za kweli za miaka minne iliyopita zikiwa zimeshaingizwa kutoka kwenye daftari, alikaa mbele ya skrini akafuta oda zote za kubuni alizoziandika yeye, akafika kwenye zile kumi na moja, na kidole kikagoma. Hakuwa na barua nyingine yoyote ya mapenzi duniani. Akazibadilisha tarehe, akazirudisha miaka mitano nyuma ili zizame chini ya orodha ambako hakuna atakayefika, akajiambia atazihamisha wiki ijayo. Kwanini alipouliza kama amesafisha, alijibu amesafisha.

Basi ndiyo hali ilivyokuwa asubuhi ile. Mhadhiri ameketi pembeni na fomu mapajani. Fundi Mkuu amesimama karibu na mlango, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Shangazi yuko mbele ya kompyuta, miwani puani, na alichokiandika kikawa kinaonekana ukutani kwa wote.

Ilianza vizuri mno. Shangazi aliingiza oda ya kochi, akabadilisha vipimo, akaweka jicho panapostahili, na kila alipobonyeza alikuwa akijiambia "haya". Mhadhiri alimwuliza kama anaona tofauti na daftari. Shangazi akajibu kwamba daftari lilikuwa halimjibu, hili jipya linamjibu. Hata Fundi Mkuu alicheka kidogo, na Kipimo, ambaye alikuwa hajashusha pumzi tangu saa mbili, akaanza kuona mwanga. Akaibia jicho moja upande wa Kwanini. Kijana alikuwa anatazama ukuta, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva, na Kipimo akajua kwamba naye anawaza lilelile, kwamba zimebaki dakika chache tu.

"Dada," Fundi Mkuu akasema, "nijaribie kitu kimoja. Kuna mteja chini anataka kitanda, anasema kama tulichomtengenezea mtu wa zamani. Nitafutie vitanda vyote."

Kipimo aliziachia karatasi zake. Kwenye orodha ya kawaida oda mpya hutangulia. Kwenye utafutaji walipanga za zamani zitangulie, na aliyeshauri hivyo ni Shangazi mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifunua daftari lake. Binti alifungua mdomo aseme mfumo una hitilafu, umeme, chochote. Shangazi alikuwa ameshabonyeza.

Na Shangazi ana tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, mpaka maandishi ya kwenye makopo ya vanishi.

"Oda namba saba," akasoma. "Kitanda, futi tano kwa sita, mbao ya mninga. Mteja..." Akasogeza miwani. "Huyu mteja simkumbuki. Mteja: mimi na Kipimo. Tarehe ya kukabidhi: siku baba yake atakapokubali. Maelezo: haraka haipo, nitangoja."

Shangazi ni mtu wa kumaliza alichoanza, na nadhani ulimi wake ulikuwa umetangulia akili.

"Oda namba nane. Kitanda cha mtoto. Maelezo: hiki kingoje kile cha kwanza."

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa anasoma. Akaweka mkono juu ya skrini ya kompyuta kana kwamba anafunika sufuria, lakini ukutani maneno yalibaki vilevile, makubwa na meupe.

"Ondoa mkono, dada," Fundi Mkuu akasema polepole. "Fungua oda zote za mteja huyo."

Zikafunguka zote kumi na moja, maana mfumo ulikuwa umetengenezwa vizuri. Kabati la vitabu, rafu ya juu isizidi urefu wa mkono wake. Meza ya chakula ya viti vinne, viwili vyetu, viwili vya tutakaojaliwa. Kiti cha kuegemea, cha baba yake akija kututembelea, kisipungue ubora maana ataukagua. Fundi Mkuu alizisoma moja moja, midomo ikicheza. Kwenye oda ya kiti alikaa muda mrefu kuliko kwenye nyingine. Kipimo alitamani sakafu ipasuke.

Kisha mzee akageuka.

"Nilikuuliza swali, kijana."

"Ndiyo, mzee." Kwanini alikuwa amesimama wima, mikono pembeni.

"Ukanijibu nini?"

"Nilijibu hakuna."

"Na haya ya ukutani ni nini?"

"Ni yangu. Nimeyaandika mimi, kwa hiari yangu. Binti yako hana habari nayo. Hajawahi kuyaona."

Uongo wa pili, na huu hakuna aliyemtuma. Kipimo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kijana naye akamtazama. Halikuwa lile jicho la siku zote la kuibia. Alimtazama wazi mbele za watu, akatikisa kichwa kidogo sana, kumwomba anyamaze. Kipimo alimwelewa kama vile amesema kwa kinywa. Nyamaza, uhitimu, baba yako asikuone vingine.

Mhadhiri alikohoa, akauliza kama wangependa kupumzika kidogo. Fundi Mkuu akasema haina haja, yeye si mtu wa kuchelewesha kazi ya watu. Akasema mfumo ameupenda, na hilo ataliandika. Binti yake ataandikiwa anachostahili. Ila kuhusu huyu mwingine, mtu aliyemtazama machoni akamdanganya, kisha akakaa miezi sita akinywa chai yake na kujaza mambo yake binafsi ndani ya kumbukumbu za kazi, hawezi kumwandikia kwamba ni mwaminifu. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha. Akaichukua fomu, akavuta penseli sikioni. Mhadhiri akamweleza kwa upole kwamba fomu hujazwa kwa kalamu ya wino. Mzee akaanza kujipapasa mifukoni, Shangazi akaanza kufungua droo, na kwa dakika nzima watu wazima wawili wakawa wanatafuta kalamu ya kumwandikia mtu hapana.

Dakika hiyo ilimtosha Kipimo. Nisimsifu kupita kiasi. Sehemu kubwa ya dakika aliitumia kufikiri atakavyonyamaza. Aliwaza kwamba Kwanini atarudia mwaka mmoja tu, ni kijana, ana akili, na mwaka si mlima. Aliwaza kwamba baada ya kuhitimu atamtafuta na kumwomba radhi. Kisha akamwona Shangazi akiipata kalamu chini ya daftari na kumpa mdogo wake, na Kwanini akiinamisha kichwa, na akajua kwamba kijana huyu akishuka zile ngazi na hapana yake mkononi, hata akisamehe, yeye Kipimo hataweza tena kumtazama.

"Baba, usiandike."

"Mama, kaa." Humwita mama kwa sababu alirithi jina la bibi yake.

"Siwezi kukaa, baba. Anakudanganya tena sasa hivi. Nilikuwa nazijua oda zote."

"Unamkinga."

"Simkingi."

"Kipimo, acha," Kwanini akasema kwa sauti ya chini.

Binti alimwomba Shangazi ampishe, akaketi mbele ya kompyuta, mikono baridi. Katika mfumo wao kila oda hutunza kumbukumbu ya aliyeifungua na saa aliyoifungua. Mhadhiri ndiye aliyewashikilia waiweke, akisema habari isiyojulikana nani kaishika ni umbea tu. Kipimo alibonyeza mara mbili, na ukuta ukajaa mistari. Shangazi alifumba mdomo kwa viganja viwili asije akasoma. Fundi Mkuu akasogea akasoma mwenyewe. Oda namba saba, imefunguliwa na Kipimo, Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Oda namba saba, Kipimo, Jumanne. Oda namba kumi, ile ya kiti cha kuegemea, Kipimo, Jumatano, mara nne. Ilishuka hivyo hivyo ukurasa baada ya ukurasa, jina moja, kila siku ya kazi kabla ya masomo. Chini kabisa palikuwa na jumla: mia mbili na kumi na nne.

Kuna wasichana wanaoona aibu kutajwa kwamba wanapenda. Huyu alikuwa ameketi chini ya ile mia mbili na kumi na nne, mbele ya baba yake na mwalimu wake, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta.

"Na lile jibu alilokupa siku ile ni langu," akasema. "Nilimfundisha mimi kwenye ngazi. Alikataa, nikamlazimisha. Na jana nilitakiwa nizifute hizi, sikuzifuta. Nilizibadilisha tarehe ili msizione, na yeye nikamwambia nimefuta. Hakujua kama bado zipo."

Kwanini aligeuka kumtazama kwa haraka. Kweli hakuwa anajua.

Fundi Mkuu alivuta kiti akaketi, jambo asilolifanya mbele ya wageni. Kelele za msumeno zilipanda kutoka chini zikajaa chumba, zikakatika.

"Ningekuuliza wewe, badala yake," akasema, "ungenijibuje?"

Kipimo angeweza kujipendekeza hapo. Jibu zuri lilikuwa karibu kabisa.

"Ningekudanganya, baba. Niliogopa uso uliokuwa nao siku dada aliporudi. Nilisema bora nidanganye kuliko niuone tena."

Mzee alitazama viganja vyake, akatazama ukuta, na kwa kitambo kidogo uso wenyewe ulimrudia, uleule, na Kipimo akauona na hakukimbia. Shangazi alianza kulia na kujilaumu kwamba ni kinywa chake hiki, kwamba mapenzi ni kikohozi hayafichiki, lakini kwa nini yakohoe kupitia kwake. Mdogo wake akamwashiria anyamaze. Kisha akaivuta fomu, akaandika polepole kwa herufi zake kubwa za kifundi, akaipeleka kwa mhadhiri mwenyewe.

Mhadhiri alisoma. Akainua macho.

"Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika."

Mhadhiri akaigeuza fomu ili Kipimo naye aone. Mfumo: mzuri, tutautumia. Mwanafunzi wa kwanza, jina kamili la Kwanini: ndiyo. Mwanafunzi wa pili, lile jina Kipimo alilorithi kwa bibi yake mzaa baba: hapana.

"Mzee, hapana," Kwanini akasema. "Aliyekudanganya usoni ni mimi."

"Wewe ulinidanganya kwa neno moja, na hilo tutalizungumza mimi na wewe, usidhani limeisha. Lakini mtu anayejitolea kubeba hapana isiyo yake nikiwa namtazama, kalamu yangu haiwezi kumwandikia hapana." Fundi Mkuu alikuwa anamjibu kijana, lakini macho yalikuwa kwa binti yake. "Swali linauliza habari za biashara. Huyu aliambiwa afute akaficha, akagusa tarehe kwenye kumbukumbu zangu, akasema amemaliza. Mimi fundi akinizibia ufa kwa gundi na vumbi la mbao, simpandishi cheo kwa sababu nimemzaa. Mteja atakayekalia kiti chenye ufa ule hana kosa."

Kipimo aliisikia kila herufi ikimwingia. Mwaka mzima. Wenzake watavaa majoho, yeye atakuwa kwenye viti vya wageni. Ilimuuma kama ilivyostahili kumuuma, na palepale, katikati ya maumivu, akahisi mabega yake mepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita.

"Ni kweli, baba," akasema.

Kwanini alimgeukia mhadhiri akamwomba naye amrudishe mwaka, warudie wote wawili. Mhadhiri alimwuliza kwa nini. Swali lake mwenyewe likamrudia. Kipimo ndiye aliyemjibia, akamwambia asilete ujinga, ahitimu, yeye atakuja kukaa mbele kabisa na kupiga makofi mpaka wamtoe nje. Mhadhiri akafunga mkoba. Alimwambia Kipimo aonane naye Jumatatu saa tatu, na safari hii aje na biashara isiyokuwa ya baba yake. Mlangoni alisimama kidogo akamgusa bega, kisha akashuka. Shangazi akamfuata kumsindikiza, akijifuta macho.

Walibaki watatu. Kwanini alitazama kiti kilichokuwa tupu pembeni ya Kipimo, kile ambacho kwa miezi sita alikuwa akikiacha katikati yao makusudi. Akamtazama mzee. Hakuomba ruhusa, lakini hakujificha pia. Alikivuta kiti, akaketi, akauchukua mkono wa Kipimo akauweka juu ya meza, wazi, ndani ya wake. Mkono wa binti ulikuwa bado baridi.

Fundi Mkuu alikuwa ameshafika kwenye kizingiti. Aliutazama mkono ule kwa muda, kisha akairudisha penseli sikioni.

"Mlango uacheni wazi," akasema, akashuka zake kazini.